Mji mzima ulimlilia baba, sisi tumebaki na daftari la madeni

SWALI

Shikamoo mama mshauri.

Naomba jina langu lisitokee. Natoka mji mdogo wilayani Muheza, mkoani Tanga, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha kidogo, maana hapa kwetu ukisema "Fundi" tu, bila jina, watu wanajua unamzungumzia nani.

Fundi huyo ni baba yangu. Alifariki mwishoni mwa Januari. Alianguka asubuhi akijiandaa kwenda kazini, tukamkimbiza hospitali, wakasema ni kiharusi, na usiku wa pili akatutoka. Presha alikuwa nayo siku nyingi, ila dawa alikuwa anakunywa akijisikia vibaya tu.

Baba alijifunza kushona kwa fundi mmoja wa Kihindi Tanga mjini akiwa kijana, akarudi kwao na cherehani kimoja cha miguu. Tangu nipate akili namjua akiwa kwenye baraza lile lile, futi shingoni, penseli sikioni. Alishona kanzu za Idi, magauni ya komunyo, suti za maharusi, hata mapazia ya kanisani. Lakini kilichompa jina ni sare za shule. Kaptula na sketi za watoto alikuwa anaziachia pindo refu kwa ndani. Mtoto akirefuka, mzazi anairudisha, baba anafumua na kushusha bila kuchukua senti. Nguo moja inavaliwa miaka miwili au mitatu, kisha anapewa mdogo mtu. Na msiba ukitokea kwa Waislamu, bafta ilikuwa inaletwa kwake hata usiku wa manane, anaamka, anakata sanda, na hela ya sanda hakupokea maisha yake yote. Ya kwake nimekata mimi, vipande vitatu, kama alivyonifundisha.

Mazishini watu walijaa mpaka waliokuwa nyuma hawakusikia dua. Paroko alikuwepo, walimu walikuwepo, bodaboda walisimamisha kazi. Kila aliyefungua mdomo alisema tumempoteza mtu wa watu. Kabla ya kuswaliwa, baba mdogo alisimama akatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu atuone familia, na anayedaiwa na marehemu naye atuone. Jioni ile ile wanawake walipomzunguka mama ndani, mama akasema mbele yao, "Wote mliokuwa mnadaiwa na mume wangu, tumesamehe." Maneno yakafika kila nyumba kabla hatujamaliza siku tatu.

Kisha tukafungua daftari. Ni daftari kubwa la jalada gumu, upande mmoja vipimo vya watu, upande wa pili madeni. Majina yanakaribia mia mbili. Mengi ni ya sare, yanaanzia 2016, mwaka ambao ada ilifutwa na watoto wakamiminika shuleni. Mzazi hakudaiwa ada tena, lakini sare bado ilikuwa juu yake, na baba alikuwa na msimamo wake kwamba mtoto hatarudishwa nyumbani kwa sababu ya kaptula. Tumejumlisha tukapata shilingi 3,200,000. Baadhi ya majina yana nyota ndogo pembeni na hatujui maana yake.

Wiki hiyo hiyo akaja mwenye duka la vitambaa kutoka Tanga mjini. Baba alikuwa anachukua majora kwa mkopo, na tajiri huyo anadai 1,900,000, ana karatasi zenye sahihi ya baba. Baadaye tukagundua kwamba mama naye alimchukulia baba mkopo wa 700,000 kwenye VICOBA chake, kikundi cha kuweka na kukopeshana hela, wakanunua cherehani cha oveloki. Wanawake waliomdhamini wameanza kupiga simu. Wanapiga kwa adabu kwa sababu mama yuko eda, lakini wanapiga.

Hapo ndipo moyo wangu ulipoharibika. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata nafasi chuo cha uuguzi. Baba akaniambia hela hamna, nisubiri mwaka mmoja. Mwaka ukawa miwili, nikakaa kwenye cherehani mpaka leo nina miaka 27. Sikulalamika hata siku moja. Sasa nasoma daftari naona majina ya watu aliowashonea bure mwaka ule ule niliokosa ada. Nililia, na machozi yale hayakuwa ya msiba, yalikuwa ya hasira. Huyu mtu wa watu, sisi wa nyumbani alituachia nini? Siwezi kusema tulilala njaa, hapana, watu walikuwa wanatuletea mikungu ya ndizi, mahindi, machungwa kwa magunia. Lakini hela hatukuwa nayo.

Baba mdogo anataka orodha ya majina na kiasi ibandikwe kwenye mlango wa duka. Anasema dawa ya deni kulipa. Anataka pia vyerehani vyote vitatu viuzwe. Si mtu mbaya, hospitali na chakula cha matanga ametoa yeye mfukoni mwake. Mama anasema hataki mume wake aaibishwe kaburini, aliyesamehe amesamehe. Mdogo wangu wa kiume yuko kidato cha pili, bado mtoto. Wote wananiangalia mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa nakaa na baba kazini.

Deni kubwa kuliko yote ni la mzee mmoja mwenye mashamba ya machungwa na nyumba za kupangisha. Ni suti za harusi ya kijana wake na sare za wajukuu, jumla 380,000. Mzee huyo ndiye aliyelia kuliko wote pale makaburini. Mpaka leo hajatuona.

Na wateja hawajaacha. Nikitaja bei wananiambia, "Wewe si mtoto wa Fundi? Andika tu." Duka la jirani wamebandika ukutani "Kukopa harusi, kulipa matanga". Baba hakuwahi kubandika kitu kama hicho na mimi naona aibu kuanza.

Hitima ya arobaini imekaribia. Nimeombwa niseme neno kwa niaba ya watoto. Nikimsifu naona kama nadanganya. Nikikataa watasema sina adabu kwa baba yangu. Mama mshauri, tudai au tusamehe? Nani hasa ana haki ya kuamua? Na hii hasira niipeleke wapi?

Binti wa Fundi


JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee, na awape subira wewe, mama na mdogo wako.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Watu wanadaiwa na marehemu zaidi ya milioni tatu, na ninyi mnadaiwa milioni mbili na laki sita. Mama amesamehe mbele ya watu, baba mdogo anataka majina yabandikwe, wateja wanakuambia uandike tu, na katikati ya hayo yote unatakiwa usimame umsifu mtu ambaye kwa sasa una hasira naye. Wageni wa msiba walipotoka, waliingia wadai. Sidhani kama umepata hata usiku mmoja wa kumlilia baba yako kama baba.

Nitaanza na swali lako la katikati, nani ana haki ya kuamua, kwa sababu mengine yanaegemea hapo.

Kwa kuwa ninyi ni Waislamu, mali ya marehemu ina mpangilio wake. Kwanza zinatoka gharama za mazishi. Kisha yanalipwa madeni yake. Kisha wasia kama upo, nao hauvuki theluthi. Kinachobaki ndicho warithi wanagawana. Na hela anazodaiwa mtu na marehemu nazo ni mali ya marehemu, sawa na vile vyerehani. Mama, kwa kuwa kuna watoto, fungu lake ni thumuni, yaani moja ya nane. Kama babu na bibi yenu wa upande wa baba wameshatangulia, kinachobaki ni chenu wawili, kijana akipata mafungu mawili nawe moja. Baba mdogo harithi, kwa sababu marehemu ameacha mtoto wa kiume. Usimwambie hivyo kwa ukali. Yeye naye ni mdai: alichotoa hospitali na kwenye mazishi ana haki ya kukidai kikarudi, na pengine haraka yake inatokana na pengo lililoko mfukoni mwake ambalo anaona aibu kulitaja. Umewahi kumuuliza alitoa kiasi gani?

Kutokana na mpangilio huo, neno la mama la jioni ile lina uzito kwa watu, lakini anachoweza kukisamehe ni kilicho chake. Fungu la mdogo wako hakuna mtu mzima anayeweza kuligawa, si mama, si wewe, si baba mdogo, mpaka akue aamue mwenyewe. Na kabla ya fungu la mtu yeyote kuna tajiri wa vitambaa na wale wanawake wa VICOBA. Hilo unaweza kwenda kumuuliza sheikh unayemwamini pamoja na mama, ili alisikie kwa mwingine na si kwa mtoto wake. Nadhani litamgusa zaidi akikumbushwa kwamba mashehe wanahimiza deni la maiti lilipwe upesi kwa ajili ya maiti mwenyewe. Mama anafikiri kudai ni kumwaibisha mumewe. Huenda hajaangalia upande wa pili, kwamba kwa hela hiyo hiyo mumewe anaweza kulipiwa.

Upande wa serikali, mirathi kama yenu inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mnakaa kikao cha familia, mnaandika muhtasari, mnapendekeza msimamizi, mahakama ndiyo inamteua. Msimamizi anaweza kuwa mama, anaweza kuwa wewe. Hakuna sheria inayosema lazima awe mwanamume. Akishateuliwa ana miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni yote, na baada ya hapo anatoa hesabu ya alichokusanya na alichogawa. Mpaka hapo patimie, hakuna anayetakiwa kuuza cherehani hata kimoja. Cheti cha kifo mtahitaji, na hukuniambia kama mmeshakifuatilia. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Kama bado, nenda na karatasi ya hospitali kwa msajili wa wilaya sasa hivi, ukichelewa inawezekana bado lakini taratibu zinaongezeka. Na kama lugha ya mahakama inakutisha, wilayani hakukosi wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kazi yao ni kumwongoza mtu kama wewe bila malipo.

Sasa turudi kwenye daftari. Naomba tulitazame vizuri, kwa sababu naona nyote watatu, mama, baba mdogo na wewe, mmeamini kwamba kilichoandikwa mle ndicho kinachodaiwa. Una hakika? Umeniandikia mwenyewe kwamba watu walikuwa wanaleta mikungu ya ndizi, mahindi, machungwa kwa magunia. Hivyo vilikuwa zawadi vyote? Mzazi asiye na shilingi 20,000 lakini ana migomba, akimpelekea fundi mkungu kila mwezi, yeye kwa hesabu yake ameshalipa. Baba yako naye kwa hesabu yake huenda alishapokea, ila hakurudi kwenye daftari kufuta. Na zile nyota? Zinaweza kuwa waliolipa nusu, zinaweza kuwa aliowasamehe, zinaweza kuwa wale aliokusudia kuwafuata. Mama anaweza kujua. Kama kulikuwa na kijana aliyekuwa akijifunza kazi pale barazani, naye muulize. Nisingependa uingie nyumba ya mtu kudai deni ambalo wewe mwenyewe ulikula ndizi zake.

Kuna kitu kingine kimoja cha kufanya kabla ya kugusa deni lolote: nguo na vitambaa vya wateja vilivyokuwa havijamalizwa. Hivyo si mali ya marehemu. Maliza unavyoweza, vingine rudisha, na mwenye nguo akija, hapo hapo atakuambia mwenyewe anadaiwa nini. Wengi watalipa kwa mlango huo bila wewe kutamka neno.

Kuhusu kudai, naziona njia kadhaa na hakuna isiyo na mwiba.

Karatasi ya mlangoni anayoitaka baba mdogo ina nguvu moja, inamaliza ubishi upesi. Wenye hela na aibu watakuja siku ya kwanza. Lakini mtoto wa darasa la tatu atapita pale asubuhi akienda shule, amevaa sare aliyoshona baba yako, atasoma jina la mama yake. Aliyelipa kwa mkungu wa ndizi ataona ameitwa mwizi mbele ya mji. Na wewe, kama unataka kuendelea kushona pale, hao ndio wateja wako wa miaka ijayo. Karatasi ikishabandikwa haibanduki vichwani mwa watu.

Kusamehe wote ni jambo jema, na Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara, inasema mdaiwa akiwa na shida apewe muda mpaka afarijike, na kumwachia kabisa kama sadaka ni bora zaidi. Lakini sura hiyo hiyo ndiyo yenye aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na aya hiyo inahusu kuandikiana madeni. Aya ya msamaha inamtaja mwenye shida. Yule mzee wa mashamba ana shida gani? Akisamehewa 380,000, nani anazilipa? Wale wanawake wa VICOBA, ambao pengine wanauza vitumbua na samaki, wakingojea mgao wa mwisho wa mzunguko. Mama akilitazama hivyo, sijui kama bado atasema wote.

Mnaweza pia kupita katikati. Kaa na mama na baba mdogo mlipitie daftari jina kwa jina. Huyu ni mjane, huyu alishahama, huyu ana mkono wa kutosha. Inawezekana kabisa kwamba wachache wenye uwezo ndio wenye sehemu kubwa ya hela. Hao waendewe nyumbani kwao, jioni, na watu wawili wenye heshima, mmoja wa umri wao. Mzee wa mashamba asiendewe na wewe. Aendewe na mzee mwenzake, na aulizwe kwa upole, "Fundi alikuwa mdogo wako, watoto wake wanadaiwa, tunalimalizaje hili?" Usidhani kwamba kwa kuwa anadaiwa basi kilio chake kilikuwa cha uongo. Mtu anaweza kumpenda rafiki yake kwa dhati na bado akawa amezoea kutomlipa, hasa kama rafiki huyo hakuwahi kudai. Njia hii nayo ina hatari zake: watu watanong'ona kwa nini fulani ameendewa na fulani ameachwa, na baba mdogo anaweza kuona mnamchelewesha. Pia angalieni muda. Mkidai wakati wa masika, mkulima wa kwenu mfuko hauna kitu. Katikati ya mwaka machungwa yakiuzwa, mtu yule yule anaweza kulipa bila kuumia. Kuandikishana tu sasa, "nitalipa msimu", tayari ni hatua.

Tajiri wa vitambaa naye msimwogope. Karatasi zake zilinganisheni na maandishi ya baba, na majora ambayo hayajakatwa muulizeni kama atayapokea yapunguze deni. Mwenye duka anajua mwenye msiba hana hela leo. Anachotaka kujua ni kwamba hamtakimbia. Oveloki mnaweza kuiuza mkalipa VICOBA, lakini fundi wa sare asiye na oveloki kazi yake itakuwa na nyuzi zinazochomoza, na mtamshinda vipi anayeleta sare zilizoshonwa tayari kutoka Kariakoo? Hapo mnatakiwa mpige hesabu ya mwezi mmoja mmoja kabla ya kuamua.

Nije kwenye hasira yako. Hiyo sitaki uifukie haraka. Hujaniandikia kwamba baba yako hakukupenda. Umeniandikia kwamba alishindwa kuwaambia watu "lipa", na gharama ya kushindwa huko uliibeba wewe. Una haki ya kuumia. Ila naomba uangalie jambo moja kwa macho ya hesabu, kama unavyopima kitambaa. Mwaka ule uliokosa ada, madeni ya mwaka huo peke yake yalikuwa kiasi gani? Milioni tatu ni jumla ya miaka mingi. Chuo kinataka hela kwa mkupuo. Huenda utakuta kwamba hata angelipwa yote ya mwaka ule, ada isingetimia. Au utakuta ingetimia kabisa, na utaumia zaidi. Sijui utakuta nini. Lakini kwa sasa umeviunganisha vitu viwili kwa uzi ambao hujaujaribu kama unashika. Na muulize mama mwaka ule kulikuwa na nini nyumbani. Watoto mara nyingi huambiwa "hela hamna" bila kuelezwa imekwenda wapi.

Kisha jiulize swali ambalo baba hawezi kukujibia tena: bado unataka uuguzi? Cheti chako cha kidato cha nne hakijaharibika, na miaka 27 si uzee. Lakini nimeona pia ulivyoandika kuhusu pindo refu na sanda. Umeandika kama mtu anayeipenda kazi ile. Inawezekana unavitaka vyote viwili, na inawezekana ile hasira inakuzuia kukiona unachokitaka.

Ukibaki dukani, hulazimiki kurithi bei za baba. Anayekuambia "andika tu" unaweza kumjibu, "Baba hayupo wa kunilipia vitambaa, naomba kianzio nusu kabla sijakata." Wengine watakununia. Wengine watatoa. Wachache ambao kweli hawana, utawajua, na hapo utaamua mwenyewe ni sare ngapi kwa mwaka unaweza kuzitoa bila kuidhulumu nyumba yako. Bango la jirani si lazima ulibandike. Sentensi moja usoni kwa mtu, ukitabasamu, inatosha na haina ukali wa ukuta.

Na hotuba ya arobaini? Hakuna aliyekuomba useme yote. Unaweza kuzungumzia kazi ya mikono yake tu, jinsi alivyomfundisha binti yake kukata na kushona, ukaketi. Hilo ni kweli na huna haja ya kulipamba. Unaweza pia, kama mama na baba mdogo watakubali, kumalizia kwa kusema kwamba baba ameacha madeni, familia inayashughulikia, na mwenye jambo na marehemu anakaribishwa nyumbani. Watakaojua wameguswa watajua. Au unaweza kuomba mtu mwingine aseme, ukasaidie wanawake jikoni, na mtu asiyekuelewa siku hiyo ataelewa baadaye. Usijilazimishe kusimama ukiwa na donge kooni.

Umenigusia presha ya mzee kwa maneno machache na nahisi kuna kitu unajilaumu. Presha mara nyingi haina dalili, na wagonjwa wengi wanaacha dawa kwa sababu tu wanajiona wazima. Hata wenye hela na bima wanafanya hivyo. Ila inatembea katika familia. Wewe na baba mdogo kapimeni, hata wiki hii.

Kwa sasa, nakuomba kabla ya hitima ukae na mama usiku mmoja, ninyi wawili tu, na daftari katikati. Usianze na madeni. Anza na zile nyota, umuulize anazijua. Ukishajua, au baba mdogo akigoma kusubiri mahakama, au mzee wa mashamba akikana, niandikie tena, nami nitakujibu.